Adrian Atiman: Daktari wa Karema

Mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha kwa mara ya kwanza hukabiliwa na mambo mawili kwa pamoja. Kazi humvurugikia: azimio la kazi halijakamilika, andalio la somo limeandikwa nusu, zana hazionekani. Kisha shaka humwingia moyoni, akajiuliza kama kweli anafaa kuwa mwalimu. Tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu maisha ya mtu aliyejifunza kazi nyingine, udaktari, katika hali ngumu kuliko hiyo.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi ya Mali ya leo. Angali mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Aljeria. Huko alikombolewa na Mapadri Weupe, akatiwa shuleni. Askofu wao, Lavigerie, alikusudia kupata waganga Waafrika watakaotumika ndani ya Afrika; hivyo Atiman akapelekwa kisiwani Malta kusomea udaktari. Basi mtoto yule alikwisha kung'olewa mara tatu: katika kwao, katika lugha yake, na katika nchi aliyoanza kuizoea.

Mwaka 1888 alisafiri kwenda Afrika ya Mashariki. Msafara ulishika njia ya kale kutoka Bagamoyo, ukapita Unyanyembe, penye mji wa Tabora, njia panda ya misafara: tawi moja likienda Ziwa Viktoria, jingine Ziwa Tanganyika. Tuitazame njia hiyo kwa jicho la mwalimu. Hakuna mpagazi aliyebeba shehena yote. Kila mmoja alikuwa na mzigo wake, kirangozi alitangulia, na safari ndefu iligawanywa kwa vituo, siku kwa siku.

Mwaka 1889 Atiman aliwasili Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika. Je, elimu ya Malta ilimtosha? Haikuweza kumtosha. Alipohitimu, ulimwengu ulikuwa haujathibitisha kwamba mbu ndiye aenezaye malaria. Jambo hilo lilidhihirika mwaka 1897 na miaka iliyofuata. Wala haikujulikana kwamba ndorobo huleta ugonjwa wa malale. Hilo lilithibitishwa Uganda mwaka 1903. Hapakuwa na hospitali kubwa jirani wala mkufunzi wa kumwuliza. Daktari kijana katika hali hiyo ana haki ya kujitilia shaka.

Lakini hakungoja shaka iishe ndipo aanze kazi. Alikaa pale pale, akaoa na kulea, akajifunza lugha ya wenyeji, akawatibu wagonjwa mmoja baada ya mmoja na kufundisha dini. Alifanya hivyo kwa miaka ipatayo 67, hadi alipofariki Karema mwaka 1956. Chuo kilimpa mwanzo. Kazi ndiyo iliyomkamilisha.

Hapa ndipo penye somo letu. Kujitilia shaka si dalili ya kutofaa. Mara nyingi ni dalili ya kuona ukubwa wa kazi. Nayo fujo haiondolewi kwa kujilaumu, bali kwa kuugawa mzigo. Mwanachuo aandike usiku mambo matatu ya kesho, si ishirini. Akamilishe andalio moja kabla ya kugusa la pili. Somo likiharibika, aandike mara moja ni wapi lilipoharibikia, kisha amwulize mwalimu wa darasa.

Tena maisha haya yafaa darasani. Chora ubaoni ramani ya njia kutoka Bagamoyo hadi Karema, watoto waiweke Tabora mahali pake, kisha wapange mizigo na vituo vya msafara wao wenyewe. Wakiipanga, watakuwa wamejifunza historia, jiografia na hesabu kwa pamoja. Naye mwalimu wao atakuwa amejikumbusha namna ya kupanga siku yake.