Rentschler, bosi wa injini aliyekubali kuanza upya

Ushawahi kuachwa nyuma na wenzako hadi ukadhani mambo yako yamekwisha? Hayo yalimkuta Frederick Rentschler, tena akiwa tayari tajiri.

Mmarekani huyu, aliyezaliwa jimbo la Ohio mwaka 1887, alianzisha kampuni ya injini za ndege ya Pratt & Whitney mwaka 1925. Vita vya Pili vya Dunia vikamjaza oda. Kampuni yake na waliopewa leseni waliunda injini zaidi ya 360,000. Shida ni kwamba zilikuwa za pistoni. Kazi ya injini za jeti serikali iliwapa wengine, wakiwemo General Electric.

Vita vilipoisha 1945, oda zikakatwa ghafla. Jamaa angeweza kutulia ale pesa zake. Wapi! Alitumia fedha za kampuni kujenga maabara kubwa ya majaribio kule East Hartford, Connecticut. Akachukua pia leseni ya injini ya Nene ya Rolls-Royce kutoka Uingereza, akaiundia Jeshi la Wanamaji la Marekani kwa jina J42. Hakuona haya kuwa mwanafunzi.

Kisha ikaja J57, iliyobuniwa na wahandisi wake wenyewe. Mwaka 1952, nane kati ya hizo ziliirusha B-52, ndege ya mabomu. Serikali ileile iliyomruka ikarudi na oda.

Rentschler alifariki Aprili 1956. Miaka miwili baadaye, Boeing 707 ilianza kubeba abiria kwa injini za ukoo huohuo.