Kasisi Mwenye Kifua Aliyetuachia Wimbo wa Jioni

Wimbo wa "Kaa Nami" tumeuimba mara nyingi katika ibada za jioni na penye makaburi ya ndugu zetu. Lakini ni wachache kati yetu wajuao ya kuwa mtunzi wake alikuwa kasisi wa Kianglikana, tena mgonjwa wa kifua kwa miaka mingi.

Henry Francis Lyte alizaliwa tarehe 1 Juni 1793 huko Ednam, katika nchi ya Scotland. Baba yake aliiacha familia Henry angali mtoto. Mkuu wa shule yake huko Ireland, Robert Burrowes, ndiye aliyemlipia karo na kumkaribisha nyumbani kwake wakati wa likizo. Hivyo alijua mapema jinsi ilivyo kuachwa, na pia jinsi ilivyo kupokewa.

Aliwekwa wakfu mwaka 1815. Miaka michache baadaye aliitwa kando ya kitanda cha kasisi jirani aliyekuwa anakufa. Wale watumishi wawili waliona kwamba hata wao wanakiogopa kifo. Wakasoma nyaraka za Mtume Paulo pamoja, na yule mgonjwa akafa kwa amani. Tangu siku hizo mahubiri ya Lyte yalibadilika.

Katika miaka ya 1820 alihamia Brixham, mji wa wavuvi kusini mwa Uingereza, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Alikuwa na shule ya Jumapili yenye mamia ya watoto. Kifua chake hakikuwa na nguvu, na mwishowe kifua kikuu kilimshika. Siku zile dawa haikuwako. Dawa ya kwanza yenye nguvu juu ya ugonjwa huo iligunduliwa mwaka 1943 tu. Basi katika miaka ya 1840 alilazimika kukimbia baridi na kukaa katika nchi zenye joto, mbali na kundi lake.

Anayeishi na pumu au kifua kingine cha kudumu anajua kwamba ugonjwa huu hauchoshi mapafu peke yake. Pumzi ikikatika usiku, hofu huja. Kazi zikipungua, mtu hujiona mzigo. Huanza kujitenga, maana anaona haya kukohoa mbele za watu. Lyte hakujifanya mzima, wala hakungoja apone ndipo aishi. Alikubali kupumzika ilipobidi. Alisoma vitabu, akatunga nyimbo, akafanya kazi kwa kadiri ya pumzi aliyokuwa nayo.

Mwanzoni mwa Septemba 1847, ingawa jamaa zake walimhofia, alihubiri na kushiriki Meza ya Bwana pamoja na watu wake kwa mara ya mwisho. Jioni ile, kama binti yake alivyosimulia baadaye, aliwakabidhi jamaa zake maneno ya wimbo wake. Kisha akasafiri, akafariki huko Nice tarehe 20 Novemba 1847, mwenye umri wa miaka 54.

Tukiutazama wimbo huo vizuri, tutaona kwamba haumwombi Mungu afya. Unaomba mwenzi wa kukaa naye giza linapoingia, kama wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau walivyoomba. Kusema kwamba tunaogopa si upungufu wa imani.

Leo kifua kikuu hutibika kwa dawa, na wenye pumu husaidiwa kliniki. Tusiache matibabu, na mgonjwa mwenye huzuni isiyokwisha amwambie mganga wake hayo pia, sawasawa na anavyomweleza kikohozi. Nasi tulio wazima, tuwatembelee. Tusiwachoshe kwa maneno mengi, maana kuzungumza huwamaliza pumzi. Tuketi nao kidogo, na kabla ya kuondoka tuwaambie siku tutakayorudi.