Alidhihakiwa shuleni kwa nywele zake, akaja kuwa baba wa manga: Maisha ya Osamu Tezuka

Kama umewahi kuangalia Naruto kwenye simu yako, unajua inavyoanza: mtoto anakwepwa na kijiji kizima kwa sababu ya kitu kilichofungiwa ndani ya mwili wake, kitu ambacho hakukiomba. Anime imejaa watoto wa aina hiyo. Nusu mtu nusu jini, roboti mwenye moyo, kijana asiyejulikana ni wa upande gani.

Wengi wao wana babu mmoja. Anaitwa Osamu Tezuka, Mjapani aliyefariki mwaka 1989, daktari aliyesomea udaktari na kufaulu mtihani lakini hakufungua kliniki maishani mwake. Alichora manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, takriban kurasa 150,000.

Mtoto wa miwani na wadudu

Alizaliwa Novemba 3, 1928 huko Toyonaka, mkoa wa Osaka, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu. Nyumbani walikuwa na uwezo kidogo. Baba yake alimiliki projekta, kitu adimu Japan ya miaka ya 1930, na watoto walikaa gizani kuangalia Disney na Charlie Chaplin. Mama yake alimsomea manga huku akibadilisha sauti kwa kila mhusika.

Shuleni ilikuwa habari nyingine. Osamu alikuwa mdogo wa mwili, anavaa miwani, na nywele zake zilijikunja na kusimama ovyo katikati ya watoto wenye nywele zilizonyooka. Walimcheka na kumpa majina. Michezo hakuiweza.

Alichokiweza ni kuchora. Kidogo kidogo watoto walewale wakaanza kusogea kuona daftari lake lina nini leo. Alichora pia wadudu, kwa usahihi wa mwanasayansi, na aliwapenda kiasi kwamba alipogundua kuna mbawakawa anayeitwa osamushi, alichukua herufi inayomaanisha mdudu akaiongeza kwenye jina lake la kuandikia. Linatamkwa Osamu vilevile, ila ukiliona limeandikwa, mdudu yumo ndani.

Kitu kingine kilichomjenga kilikuwa mjini Takarazuka, ambako familia ilihamia akiwa bado mdogo. Mji huo una kundi maarufu la maigizo ambalo waigizaji wote ni wanawake, hata wanaocheza wafalme na askari. Mama yake alikuwa akimpeleka. Alikua akiona wanawake wamevaa suti na panga, na ukumbi mzima unashangilia. Kumbuka hilo, litarudi.

Mabomu, kisha ngumi

Vita vilimkuta sekondari. Kama vijana wengi wa Japan alipelekwa kufanya kazi kiwandani, na hata huko alichora kwa siri. Juni 1945 alikuwa zamu juu ya mnara wa ulinzi pale ndege za Marekani zilipomwaga mabomu ya moto Osaka. Bomu lilianguka karibu naye. Alinusurika, akashuka, na karibu na mto Yodo akakuta maiti zimelala.

Japan iliposalimu amri Agosti, aliingia mjini usiku akakuta taa zimewashwa baada ya miaka ya giza. Baadaye alisimulia kwamba hapo ndipo alipoamini ataishi.

Lakini amani nayo ilikuwa na yake. Siku moja alikutana na wanajeshi wa Marekani waliolewa. Walimsemesha, Kiingereza chake hakikutosha, wakampiga ngumi wakaondoka. Tukio dogo ukilinganisha na mabomu, ila lilimkaa kuliko mengi. Alilirudia alipoeleza kwa nini kazi zake zimejaa watu wanaoumizana kwa kushindwa kuelewana.

Mwaka huohuo wa 1945 alianza masomo ya udaktari Osaka. Mwaka 1946 katuni yake ya kwanza ilitoka kwenye gazeti la watoto, na 1947 kitabu cha Shin Takarajima, alichoshirikiana na Shichima Sakai, kikauzwa sana. Picha zilikwenda kama kamera ya sinema: gari kwa mbali, gari karibu, uso wa dereva. Watoto walikuwa hawajaona kitu kama hicho. Alipokwama kati ya udaktari na manga, mama yake alimshauri afuate anachokipenda.

Roboti aliyeuzwa na baba yake

Mwaka 1951 alianza kumchora roboti Atom, ambaye nje ya Japan alijulikana kama Astro Boy. Ukiondoa ngumi na kuruka angani, kisa chake kinaumiza. Mwanasayansi Tenma anafiwa na mtoto wake kwenye ajali ya gari, anatengeneza roboti anayefanana naye kabisa, kisha anagundua roboti haongezeki urefu. Anamchukia. Anamuuza kwenye sarakasi.

Atom anaokolewa na profesa mwingine, anatengenezewa hadi wazazi wa roboti, anapelekwa shule na watoto wa binadamu. Anawaokoa watu kila wiki, na bado ulimwengu wake umejaa wanaoona roboti ni chombo tu. Katika hadithi ya kwanza kabisa, wageni wanaofanana na binadamu wanafika duniani na ugomvi unazuka. Anayetumwa kusuluhisha ni Atom, kwa sababu si wa huku wala wa kule. Alichodharauliwa nacho ndicho kinachomfanya asikilizwe na pande zote mbili.

Mwaka 1953 ikaja Ribon no Kishi, na hapa Takarazuka inarudi. Binti mfalme Sapphire amezaliwa na mioyo miwili, wa kike na wa kiume, kwa utundu wa malaika. Kwa kuwa sheria ya nchi inataka mrithi awe mwanamume, anaishi mchana kama mwana wa mfalme, na upanga anaujua kweli. Ndiyo maana ukiona anime yenye msichana shujaa aliyevaa kiume, ujue njia ilishafunguliwa zamani.

Simba mweupe na Afrika isiyo ya kweli

Kabla ya hizo mbili ilikuwepo Jungle Taitei, iliyoanza 1950. Leo ni simba mweupe aliyezaliwa melini baada ya mama yake kukamatwa. Analelewa kwa muda na binadamu, anarudi Afrika, na huko anakuwa mgeni kwa wanyama wenzake: rangi tofauti, tabia za watu. Anawafundisha lugha na kilimo. Mwishoni, kwenye dhoruba ya theluji, anajitoa kufa ili rafiki yake binadamu ajifunike ngozi yake apone.

Mwaka 1965 ikawa anime ya kwanza ya mfululizo wa televisheni ya Japan kwa rangi. Wamarekani wakambatiza Leo jina la Kimba, neno ambalo Mswahili akilisikia atacheka kwanza. Filamu ya The Lion King ilipotoka 1994, wachoraji wengi wa Japan walilalamika kwamba inafanana mno na kazi ya Tezuka. Disney ilikana.

Sasa, msomaji wa Afrika Mashariki akifungua kitabu hicho atakutana na kitu kingine. Wanyama wana nyuso, wana mawazo, wana huzuni. Waafrika weusi wamechorwa midomo mikubwa na sketi za majani, kama katuni za Marekani alizokulia nazo. Mtu aliyejua kuchekwa kwa nywele zake hakuliona hilo. Mwaka 1990, baada ya kifo chake, malalamiko dhidi ya michoro hiyo yalifika kwa wachapishaji hadi vitabu vikasimamishwa kwa muda. Vilirudi na maelezo kwa msomaji kuhusu picha hizo, michoro yenyewe ikiachwa kama ilivyo.

Kupanda na kuporomoka

Januari 1, 1963 Atom aliingia kwenye televisheni kupitia studio ya Tezuka mwenyewe, Mushi Production. Mushi ni mdudu, ndiyo. Kipindi kilipendwa, kikauzwa Marekani. Shida ni kwamba alikiuza kwa bei ya chini kuliko gharama, na wapo wanaomlaumu hadi leo kwa mishahara midogo ya wachoraji wa anime.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 upepo ukageuka. Vijana walitaka manga za watu wazima, zenye giza. Tezuka, aliyekuwa mfalme, akaonekana wa kizamani, na hakulichukua vizuri. Alikuwa na wivu wa kazi usio wa kawaida. Aliwahi kumponda mchoraji mdogo kwake, Shotaro Ishinomori, kwenye barua kwa msomaji. Ishinomori alipojua aliumia akataka kuacha kazi ile. Tezuka alimfuata mwenyewe kuomba radhi.

Mwaka 1973 Mushi Production ikafilisika na madeni yakamwangukia. Jarida moja likampa nafasi ambayo wengi waliiona kama ya kumuaga kwa heshima.

Akaleta Black Jack.

Ni daktari wa upasuaji asiye na leseni, mwenye uso wa rangi mbili. Utotoni alilipuliwa na bomu, na alipohitaji ngozi, watoto wenzake waliona kinyaa. Mmoja tu alijitolea: Takashi, mtoto chotara mwenye damu ya Kiafrika. Miaka mingi baadaye Black Jack ana uwezo wa kubadilisha kiraka hicho kifanane na uso wake. Anakataa. Ni ngozi ya rafiki yake, kwa nini aitoe?

Kilichotakiwa kuwa kwaheri kikaendelea kwa miaka. Udaktari ambao hakuutumia ukamrudisha kileleni, safari hii kwa kalamu. Miaka ya 1980 alichora Adolf, kuhusu wavulana wawili mjini Kobe wakati wa Hitler: mmoja Myahudi, mwingine baba Mjerumani na mama Mjapani. Ni marafiki, hadi dunia inapowalazimisha kuchagua.

Miaka miwili ya uongo

Alikufa Februari 9, 1989 mjini Tokyo kwa saratani ya tumbo. Kama ilivyokuwa desturi Japan wakati huo, hakuwa ameambiwa ugonjwa wake. Hospitalini alichora hadi nguvu zilipoisha, na alizidi kuomba aachwe afanye kazi. Hadithi tatu alizokuwa nazo mkononi hazikumalizika.

Magazeti yaliandika amekufa akiwa na miaka 62. Kumbe alikuwa na 60. Tangu ujana alikuwa amejiongezea miaka miwili, na inaaminika alitaka tu kuchukuliwa kama mtu mzima wakati alipoanza kutafuta kazi.

Atom naye hakusahaulika. Katika manga, tarehe yake ya kuzaliwa ni Aprili 7, 2003. Siku hiyo ilipofika kwenye kalenda ya kweli, mji wa Niiza karibu na Tokyo, ulio na studio ya kampuni ya Tezuka, ulimwandikisha roboti aliyeuzwa na baba yake kuwa mkazi rasmi.