Bwana Burnet na Siri ya Mtoki

Muhula uliopita nilijikata mguu kwa kigae nikicheza mpira peku, na baada ya siku mbili mtoki ukanitoka hata nikawa siwezi kupanda kitanda changu cha juu. Wenzangu bwenini walisema ni damu mbaya iliyokwama. Mwalimu wetu wa Biolojia alisema sivyo, ni tezi iliyovimba kwa kazi, akanipa kitabu nisome habari za Bwana Macfarlane Burnet. Ndizo ninazotaka kuwasimulieni.

Bwana huyu alizaliwa Australia mwaka wa 1899, katika mji mdogo wa Traralgon, mtoto wa meneja wa benki. Hakuwa mtu wa makundi. Alipenda kukusanya mbawakawa na kuwatambua kwa aina zao. Alifuzu udaktari Melbourne mwaka wa 1922, kisha akaingia Taasisi ya Walter na Eliza Hall, ambayo aliiongoza tangu 1944 hata 1965.

Mwaka wa 1928 ulitokea msiba katika mji wa Bundaberg: watoto 12 walikufa baada ya kudungwa chanjo ya dondakoo. Burnet alikuwa miongoni mwa waliochunguza, ikaonekana kwamba chupa ya chanjo ilikuwa imeingiwa na bakteria waletao majipu. Tangu hapo swali la jinsi mwili unavyojikinga halikumtoka.

Tena alikuwa jasiri. Mwaka wa 1951 watu walipougua homa ya ubongo, wakasingizia virusi vilivyotumiwa kuua sungura waharibifu, yeye na wenzake wawili, Fenner na Clunies Ross, walijidunga virusi hivyo. Hawakudhurika.

Sasa nifike kwenye swali lenyewe. Katika damu mna protini ziitwazo kingamwili, nazo hukamata kijidudu fulani tu. Mwili wapataje kingamwili ya kijidudu usichopata kukiona? Wataalamu wengi walidhani kingamwili hufinyangwa juu ya kijidudu, kama fundi cherehani anavyompima mteja kabla ya kukata kitambaa. Burnet alikataa. Kwake yeye mwili ni kama duka la mitumba: mashati ya kila namna yamekwisha tundikwa, na mteja huchagua limfaalo. Kila seli huchukua kingamwili ya namna moja; kijidudu kikikutana na seli yake, seli hiyo huzaana kwa wingi.

Alitangaza wazo hilo mwaka wa 1957 katika jarida dogo la Australia, ili likiwa kweli awe wa kwanza, na likiwa kosa wataalamu wachache wa ng'ambo walione. Mimi naona huo ulikuwa ujanja kidogo, lakini nani asiyeogopa kuchekwa? Mwaka wa 1960 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Medawar, kwa kazi nyingine, ya jinsi mwili unavyojifunza kutoshambulia viungo vyake wenyewe.

Je, mashati mengi hivyo yametoka wapi? Burnet alidhani ni makosa madogo ya jeni seli zinapojigawa. Hakupata yote. Mwaka wa 1976 Tonegawa alionyesha kwamba seli hukata vipande vya jeni na kuviunga upya, na huko ndiko unakotoka wingi wa aina. Lakini makosa nayo yapo, tena baada ya seli kuchaguliwa! Ndani ya tezi, jeni za kingamwili hubadilika mara milioni hivi kuliko jeni nyingine. Mwaka wa 1999 kundi la Honjo huko Japani lilipata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Mabadiliko mengi huharibu, na seli hizo hufa. Machache huifanya kingamwili ishike kijidudu kwa nguvu zaidi, na seli hizo ndizo zinazoendelea kuzaana. Nyingine hukaa miaka mingi zikikumbuka adui.

Burnet alifariki mwaka wa 1985, baada ya kuona kazi ya Tonegawa lakini kabla ya ile ya Honjo. Mtoki wangu ulikaa siku tisa. Kila jioni niliubonyeza kwa kidole, nikijua kwamba humo ndani seli zinashindana.