Simba wa Witu, sultani aliyewapokea watoro

Ahmed bin Fumo Luti, aliyejulikana zaidi kwa jina la Simba, alitoka katika ukoo wa Wanabahani waliotawala Pate kwa karne kadhaa. Hata hivyo, alipofariki mwanzoni mwa mwaka wa 1889 hakuwa akitawala kisiwa chochote. Makao yake yalikuwa Witu, mji wa msituni katika bara ya Lamu, na wengi wa raia wake walikuwa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao.

Katika miaka ya 1860, nguvu za Sultani Majid wa Unguja zilimng'oa Simba visiwani. Alikimbilia Kau, kwenye mto Ozi, kisha akajichimbia Witu. Wakati huo matajiri wa Lamu walikuwa wakivuna mtama na ufuta kwa jasho la watumwa katika mashamba ya bara. Mtumwa aliyethubutu kuingia msituni usiku, akafika salama, alipata kwa Simba kipande cha ardhi na hifadhi. Malipo yake yalikuwa kushika silaha pindi adui anapotokea.

Si haki kumvisha Simba kilemba cha mkombozi. Hakuupinga utumwa kwa kalamu kama Frederick Douglass wa Marekani, ambaye naye alitoroka utumwani mwaka wa 1838, na watu wa Witu walilaumiwa mara nyingi kwa kuvamia na kuteka wengine. Sultani alihitaji askari. Watoro walihitaji pa kukaa. Ushujaa, kwa maoni yetu, ulikuwa zaidi wa hao waliotoroka.

Unguja haikumwacha astarehe. Aliposhinikizwa na Sultani Barghash, Simba alitia saini mkataba na Mjerumani Clemens Denhardt tarehe 8 Aprili 1885, na mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza ulinzi wake juu ya Witu. Ngao hiyo haikudumu. Mnamo Julai 1890 Wajerumani waliikabidhi Witu kwa Waingereza. Septemba, chini ya Fumo Bakari aliyemrithi Simba, Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na Oktoba majeshi ya Uingereza yakauteketeza mji.

Sheria ya kufuta utumwa katika pwani hiyo ilikuja mwaka wa 1907.