Camille Jenatzy: shofere wa kwanza kupita kilometa 100 kwa saa, na somo lake juu ya pine

Kila shofere anayetoka Bunia kwenda Komanda anajua jambo hili: injini iwe na nguvu namna gani, mwisho wa yote ni pine ndiyo inagusa udongo. Pine ikikataa, injini haina la kufanya. Mtu wa kwanza kujaribu jambo hilo kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kwa saa, ndani ya gari, alikuwa Mbelgiji, mtoto wa mfanyabiashara wa mpira. Jina lake Camille Jenatzy. Alikufa mwaka wa 1913, lakini swali alilokuwa nalo bado liko kwa kila fundi na kila muuza pine: gari yenye nguvu ivalishwe pine gani?

Jenatzy alizaliwa mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1868, Schaerbeek, upande wa Bruxelles. Baba yake, Constant, alikuwa na kiwanda cha vitu vya mpira. Kwa hiyo mtoto alikua katika harufu ya mpira unaopikwa, kabla hata motokari hazijaanza kuonekana njiani. Akasoma uinjinia, na alichokipenda zaidi ni umeme. Ndevu zake zilikuwa nyekundu, na kwa sababu ya ndevu hizo na namna yake ya kuendesha bila woga, watu wakamwita Shetani Mwekundu.

Wakati ule hakuna aliyejua ni gari ya namna gani itashinda zingine. Kulikuwa za mvuke, za esanse na za umeme. Jenatzy alichagua umeme, akaanza kutengeneza gari zake na kuziuza Paris. Mwezi wa kumi na moja mwaka wa 1898 akaingia mashindano ya kupanda kilima pale Chanteloup, karibu na Paris. Alishinda kwa mwendo wa kilometa 27 hivi kwa saa. Leo teksi moto yoyote inapita hapo, lakini siku zile, kwa kilima, ilikuwa ajabu.

Majuma machache kiisha, tarehe 18 Desemba 1898, Mfaransa mmoja wa ukoo mkubwa, Gaston de Chasseloup-Laubat, alipimwa pale Achères, kwenye njia nyoofu nje ya Paris. Gari yake ya umeme, kazi ya Jeantaud, ilikimbia kilometa 63 kwa saa. Jenatzy akasikia, akamwita wapambane. Tarehe 17 Januari 1899 akafika 66. Siku ileile Mfaransa akapanda mpaka 70. Siku kumi baadaye Jenatzy akafika 80. Mwezi wa tatu Mfaransa akajibu kwa 92. Ndipo Jenatzy alipoelewa kwamba gari ya kawaida haitoshi tena, lazima atengeneze kitu cha kazi hiyo moja tu.

Kitu hicho kilikuwa na umbo la risasi kubwa, bodi ya madini mepesi yenye aluminiyumu, motere mbili za umeme zikizungusha magurudumu ya nyuma. Uzito wake ulikaribia kilo 1450, na sehemu kubwa ya uzito huo ilikuwa betri. Aliipa jina La Jamais Contente, maana yake Asiyeridhika Kamwe. Yeye mwenyewe alikaa juu, kifua chote nje, akipigwa na upepo.

Kazi ngumu iliangukia pine. Motere ya umeme inatoa nguvu yake yote tangu gari iko imesimama, haingoji izunguke kwanza kama injini ya esanse. Maana yake, pine za nyuma zinavutwa kwa ghafla, na kama hazishiki udongo, zitazunguka bure. Juu ya hayo, ziko chini ya mzigo wa karibu tani moja na nusu. Jenatzy alichukua pine za hewa za Michelin, na hapo alijitia hatarini kweli. Miaka minne tu mbele, katika mashindano ya Paris kwenda Bordeaux na kurudi, ndugu wawili Michelin walikuwa wameingiza gari yenye pine za hewa, zikatoboka mara kwa mara, watu wakawacheka. Wengi waliamini bado kwamba gari nzito inahitaji gurudumu la mpira mgumu usio na hewa. Lakini mpira mgumu unarukaruka juu ya kila jiwe, na gurudumu likiwa juu hewani halisukumi gari. Pine ya hewa inalala kidogo juu ya njia, inakumbatia udongo, na hapo ndipo nguvu inapita.

Tarehe 29 Aprili 1899, kule Achères, Jenatzy alimaliza kilometa moja kwa sekunde 34. Ukipiga hesabu ni kilometa 105 na zaidi kwa saa. Pine zilishika. Alama hiyo ilikaa miaka mitatu, mpaka 1902, Mfaransa Serpollet alipoipita kwa gari ya mvuke.

Kwa msomaji wa Kongo, mwaka ule wa 1899 una upande mwingine. Tangu pine ya hewa ilipoanza kuuzwa, kwanza kwa baiskeli na kiisha kwa motokari, dunia ilitaka mpira kwa wingi, na mpira mwingi ulikuwa ndani ya kamba za pori la Kongo. Nchi yote ilikuwa mali ya Léopold II, mfalme wa Wabelgiji. Vijiji vilipewa kipimo cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walipigwa, wake zao walifungwa kama rehani, wengine waliuawa, na askari walikata mikono ya maiti, mara nyingine hata ya watu wazima, ili waonyeshe kwamba risasi hazikupotea. Mpira ulishuka bandarini Anvers, kilometa 45 hivi tu toka Bruxelles ya akina Jenatzy. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, aliona pale Anvers kwamba meli zinarudi zimejaa mpira, lakini zikienda Kongo zinabeba bunduki na risasi. Akaelewa kwamba hiyo si biashara, ni unyang'anyi. Ripoti ya Roger Casement ilitoka mwaka wa 1904, na mwaka wa 1908 Léopold akanyang'anywa Kongo, ikawa koloni ya Ubelgiji. Mbio za Ulaya zilikuwa na bei, na waliolipa sehemu kubwa ya bei hiyo hawakuona hata gari moja.

Jenatzy aliendelea. Mwaka wa 1902, kwenye mashindano ya Ardennes, gari yake ilivunjikavunjika kabisa, yeye akatoka mzima. Mwaka wa 1903 ulikuja ushindi wake mkubwa kuliko ule wa Achères. Kampuni ya Mercedes ilikuwa imeandaa gari za mashindano zenye nguvu ya farasi 90 kwa Kombe la Gordon Bennett, lililopangwa kufanyika Ireland. Mwezi wa sita, majuma matatu mbele ya siku yenyewe, moto uliteketeza kiwanda cha Cannstatt pamoja na gari hizo. Ikabidi waombe kwa wateja. Tajiri wa Marekani, Clarence Gray Dinsmore, akakubali kutoa gari yake ya matembezi, ya farasi 60. Wakaivua bodi nzito na viti vya abiria, wakampa Jenatzy.

Tarehe 2 Julai 1903 alikimbia kwa gari ya kuazima kilometa zaidi ya 500, kwenye njia za vijiji zenye kona, vilima na vumbi. Alitumia saa sita na dakika 39, mwendo wa wastani wa kilometa 79 kwa saa, akamwacha nyuma Mfaransa René de Knyff wa Panhard. Katika kazi ya namna ile, gari ya kilometa moja ya Achères isingefika mbali. Kilichohitajika ni gari ya njiani, na pine za kuvumilia mchana mzima.

Alipopunguza mashindano, alirudi kwenye kazi ya ukoo, mpira, na pine zenye jina la Jenatzy ziliuzwa. Kifo chake kilikuwa cha ajabu. Mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1913 alikuwa na marafiki kwenye nyumba ya uwindaji, Habay-la-Neuve. Usiku akatoka nje, akajificha kichakani na kulia kama nguruwe wa pori, apate kuwachekesha. Rafiki yake mmoja akaamini ni nguruwe kweli, akapiga bunduki. Wakamtia ndani ya gari kumkimbiza hospitali, akatoka damu nyingi, akafia njiani. Inasimuliwa kwamba gari hiyo ilikuwa Mercedes, na kwamba siku nyingi alikuwa akisema atafia ndani ya Mercedes. Alikuwa na miaka 45.

Maisha yake yanaacha somo ambalo linafaa hata leo, kwa sababu gari za mwendo zinazidi kuingia, zikiwa zimetumika nje, na mara nyingine zinakuja na pine zilizochaguliwa kwa kazi nyingine. Huko Marekani kuna pine za radiale zilizotengenezwa kwa mashindano ya mita 400, nyoofu, lakini sheria inaruhusu kuzitembeza barabarani. Mpira wake ni laini sana, unapata moto na kunata juu ya lami kavu, na mifereji yake ni michache. Kwa Achères zingemfaa Jenatzy. Kwa njia ya udongo baada ya mvua ni hatari: hakuna mifereji ya kutupa maji na matope, gari inateleza kama iko juu ya sabuni. Tena zinaisha upesi, na ubavu wake haukufanywa kwa mawe na mashimo.

Kwa hiyo anayechagua pine aanze na njia, si na injini. Herufi R katikati ya kipimo, kama 205/55 R16, inaonyesha kwamba pine ni radiale. Namba inayofuata inasema mzigo: 91 ni kilo 615 kwa kila pine. Herufi ya mwisho inasema mwendo: T ni kilometa 190 kwa saa, H ni 210. Baada ya neno DOT, tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa, mfano 1418 ni juma la 14 la mwaka wa 2018. Pine ya zamani sana, hata kama inaonekana mpya, mpira wake umekauka na unaweza kupasuka. Pine mbili za ekseli moja ziwe za namna moja na kipimo kimoja, na hewa ipimwe asubuhi, kabla ya safari, zingali baridi.

Jenatzy alikuwa na gari ya kilometa moja, na siku nyingine gari ya kilometa 500, na hakuzichanganya. Shofere wa Irumu mwenye abiria nyuma, mvua mbele na hospitali mbali, kazi yake inafanana na ile ya Ireland. Achague pine kwa kilometa mbaya kuliko zote za safari yake, ile nzuri itapita yenyewe.