Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui

Katika taarifa ya mwaka, baada ya hesabu ya fedha zilizoingia na zilizotoka, inafaa sisi wanachama na wazee wa Bura tumkumbuke mtu ambaye sadaka yake kubwa haikuwa fedha, bali elimu ya sheria aliyoipiga chapa ili iwafikie watu wote.

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Baba yake, mwanachuoni mashuhuri, alifariki mwaka 1894 akamwacha yatima mdogo. Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir.

Siku zile wanavyuoni wengi waliandika kwa Kiarabu, na wengi wa watu wa pwani hawakukifahamu. Mjane au yatima aliweza kudhulumiwa urithi asijue sheria inampa fungu gani. Sheikh, aliyekuwa akifuatia maandishi ya Muhammad Abduh na Rashid Rida wa Misri, hakuridhika na hali hiyo. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo la Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo alihimiza watoto wasomeshwe, wa kike kwa wa kiume, akakemea ufujaji wa mali katika arusi na matanga. Maneno hayo hayakumpendeza kila mtu, lakini hakurudi nyuma. Baadhi ya makala zake zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi.

Mwaka 1932 alifanywa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo alichokuwa nacho hadi alipofariki mwaka 1947. Wanafunzi wake wawili, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, nao walifikia cheo hicho baadaye.

Ndugu wanachama, chama kikimpa mjane fedha za maziko, fedha hizo zitakwisha. Kikimjulisha haki yake kabla hajasimama mbele ya kadhi huko Garissa, kimempa kitu kisichokwisha. Basi tusichoke kuchanga, wala tusichoke kufundishana. Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Al-Amin, na atujalie kufuata mwendo wake.